Carl Peters: Karatasi Iliyosomwa Berlin, Ardhi Iliyochukuliwa Usagara

Abiria wa treni ya mwendokasi anayeshuka Kilosa, na msafiri wa basi anayekatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi akielekea Iringa, wote wawili hupita katika nchi ambayo kati ya mwaka 1884 na 1885 ilibadilishiwa mwenyewe bila wenyeji wake kujua. Siku hizo hapakuwa na jeshi lililopita na kuteka vijiji. Palikuwa na karatasi chache zilizoandikwa kwa Kijerumani, na alama za watu waliowekewa kalamu mkononi. Aliyezibeba karatasi hizo kutoka Usagara hadi Berlin alikuwa Dk. Carl Peters, kijana wa miaka 28.

Jina lake halijasahaulika nchini. Wazee walimwita Mkono wa Damu, na kila mwanafunzi wa historia hukutana naye darasani. Hata hivyo, kinachotajwa zaidi katika mazungumzo ya kila siku si jina lake, bali la Chifu Mangungo wa Msovero, mmoja wa waliotia alama katika karatasi zile. Mkataba wowote unaoonekana kuwa wa hasara huitwa mkataba wa Mangungo, kana kwamba nchi ilipotea kwa sababu mzee mmoja wa Kilosa hakujua kusoma. Maisha ya Peters, yakifuatwa tangu mwanzo hadi mwisho, yanaonesha kuwa lawama hiyo imetua mahali pasipo pake. Karatasi ya Msovero haikuandikwa ili Mangungo aielewe. Iliandikwa ili isomwe Ulaya.

Mtoto wa mchungaji

Carl Peters alizaliwa tarehe 27 Septemba 1856 katika mji mdogo wa Neuhaus, karibu na Mto Elbe, katika Ufalme wa Hannover. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri. Alisoma historia na falsafa katika vyuo vikuu vya Göttingen, Tübingen na Berlin, akapata shahada ya udaktari mwaka 1879.

Baadaye alikwenda London kuishi na mjomba wake. Huko aliona utajiri uliokuwa ukiingia Uingereza kutoka katika makoloni, akajenga fikra kuwa taifa lisilo na makoloni ni taifa la daraja la pili. Aliporudi Ujerumani alijiunga na wenzake wenye mawazo kama hayo, na tarehe 28 Machi 1884 wakaanzisha Chama cha Ukoloni wa Kijerumani. Chama hicho hakikuwa na jeshi wala meli, na fedha zake zilikuwa chache. Kilichokuwapo ni mtu aliyefahamu vizuri aina ya hoja ambazo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakizikubali kuhusu ardhi ya wengine.

Hoja zilizomtangulia

Peters hakubuni hoja hizo. Zilikuwa na umri wa zaidi ya karne nne. Mwaka 1455 Papa Nicholas V alitoa waraka uliompa Mfalme wa Ureno haki ya kuziteka nchi za wasio Wakristo katika pwani za Afrika, na mwaka 1493 Papa Alexander VI akatoa waraka mwingine ulioipa Hispania nchi zilizofikiwa na Columbus ng'ambo ya bahari. Wareno walioupiga na kuupora mji wa Kilwa mwaka 1505 walikuja wakiwa na imani kwamba mfalme wao alikwisha kupewa kibali hicho.

Hata katika zama hizo hapakukosekana Wakristo waliopinga. Padri Francisco de Vitoria, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Salamanca, alifundisha mwaka 1539 kwamba wenyeji wa Amerika walikuwa wamiliki halali wa nchi zao, kwamba kutokuwa Mkristo hakumwondolei mtu haki ya mali yake, na kwamba Papa hakuwa na mamlaka ya kugawa nchi za watu. Mafundisho hayo yaliheshimiwa vyuoni, lakini hayakuzuia meli kung'oa nanga.

Kufikia karne ya 19, lugha ya hoja ilikuwa imebadilika. Wanasheria wa Ulaya hawakusema tena kuwa ardhi ya mpagani huchukuliwa kwa sababu ni ya mpagani. Walisema kuwa ardhi isiyokuwa chini ya dola iliyostaarabika ni ardhi isiyo na mwenyewe, na kwamba taifa lililostaarabika linaweza kuikalia, au kupewa kwa mkataba na mtawala wake. Mkataba ndio uliopendwa zaidi, kwa sababu ulionekana kuwa na ridhaa ya pande mbili, na kwa sababu ulifaa kuoneshwa kwa taifa shindani la Ulaya kama hati ya kiwanja.

Majuma sita ya safari

Mwishoni mwa mwaka 1884 Peters aliondoka Ulaya pamoja na Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto. Walisafiri kwa majina ya uongo, wakijifanya mafundi, ili Waingereza wasijue wanachokwenda kufanya. Walifika Unguja mapema mwezi Novemba. Huko Peters alipokea taarifa ya Serikali ya Ujerumani iliyomweleza kuwa asitarajie ulinzi wowote wa dola kwa ardhi atakayoipata. Aliisoma, akaendelea na safari.

Msafara ulivuka bahari hadi Saadani, ukaingia bara kwa njia ya misafara kupitia Uzigua na Unguu, kisha ukafika Usagara, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Wilaya ya Kilosa. Kila walipofika kwa mtu waliyemhesabu kuwa mtawala, utaratibu ulikuwa ule ule. Walitoa zawadi na vinywaji, wakafanya urafiki, wakasoma karatasi, wakapandisha bendera ya Ujerumani, wakamshangilia Kaisari na kufyatua bunduki hewani. Peters mwenyewe alikuja kuyasimulia hayo katika maandishi yake bila kuona haya.

Safari ilikuwa ya haraka na ya mateso. Homa iliwakamata wote. Otto alifia Usagara, Pfeil akabaki kulinda kituo, na Peters akarudi pwani akiwa mgonjwa, katikati ya Desemba. Alikuwa amekaa bara muda usiozidi majuma sita. Alikuwa na mikataba iliyodai eneo la takriban kilomita za mraba 140,000, yaani karibu mara mbili ya Mkoa wa Morogoro wa leo.

Karatasi ya Msovero

Mkataba unaokumbukwa zaidi ni ule wa tarehe 29 Novemba 1884, uliofanywa Msovero, ambayo leo huandikwa Msowero, kata mojawapo ya Wilaya ya Kilosa. Ndani yake Mangungo anaitwa Sultani wa Msovero. Mkataba unaanza kwa kutangaza urafiki wa milele, kisha unasema kwamba Sultani huyo anatoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa Dk. Peters kama mwakilishi wa Chama cha Ukoloni wa Kijerumani, kwa muda wote. Kwa upande wake, Peters anaahidi jambo moja tu, kwamba Msovero itapewa uangalizi maalumu wakati Usagara itakapofanywa koloni.

Vifungu vya mwisho ndivyo vinavyofichua kusudi lake. Mkataba unadai kuwa maneno yake yalifafanuliwa waziwazi na mkalimani aliyeitwa Ramazan, na kwamba taratibu za kisheria za Usagara zilifuatwa. Kisha unaongeza kwamba Mangungo, alipoulizwa, alitamka kuwa yeye si mtu wa Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata hakujua kama Sultani huyo yupo.

Kifungu hicho hakikuwa na maana yoyote kwa Mangungo. Kilikuwa na maana kwa wanasheria wa Berlin na London. Kama Usagara ingekuwa sehemu ya milki ya Zanzibar, basi Mangungo asingekuwa na haki ya kuitoa, na Ujerumani ingelazimika kuzungumza na Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa rafiki wa Uingereza. Kwa hiyo ilipasa mzee wa Msovero aandikwe kuwa mfalme huru asiyewahi kusikia habari za Unguja. Madai hayo hayapatani na hali ya mahali penyewe. Njia kuu ya misafara kati ya pwani na bara ilipita katika nchi hiyo. Sultani alikuwa na askari Mamboya, ndani ya Kilosa hiyo hiyo, na bidhaa za Unguja zilikuwa zikiuzwa na kununuliwa kila siku.

Nchi isiyouzika

Kulikuwa na kasoro nyingine, kubwa kuliko ya Zanzibar. Wakaguru wa kaskazini mwa Kilosa, Wasagara wa katikati na Wavidunda wa milima ya kusini hawakuwa na masultani wenye kumiliki ardhi ya watu wao. Walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Kila eneo lilikuwa na ukoo uliotambuliwa kuwa ndio wenye nchi, kwa sababu mababu zake ndio waliotangulia kufika na kuzikwa hapo. Wazee wa ukoo huo waliongoza matambiko ya mvua na ya kuitakasa ardhi kabla ya kupanda. Mgeni aliyeomba mahali pa kulima alipewa, naye akaonesha heshima yake kwa wenye nchi. Hakuna aliyenunua, wala aliyeuza.

Katika utaratibu huo, mzee wa Msovero aliweza kumpa mgeni urafiki, mahali pa kulala, hata shamba. Hakuweza kumpa nchi, kwa sababu haikuwa yake. Ilikuwa ya waliozikwa, ya waliokuwa hai na ya watakaozaliwa na mabinti wa ukoo. Hata kama mkalimani angetafsiri kila neno kwa uaminifu, kitendo kilichoandikwa katika karatasi hakikuwapo katika sheria za Usagara. Mkataba ulidai kufuata sheria za mahali hapo, ilhali jambo lenyewe sheria hizo hazikulijua.

Kwa sababu hiyo, kumtuhumu Mangungo kuwa aliuza nchi ni kukubali bila kujua hoja ya Peters mwenyewe, kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyeweza kuiuza.

Siku moja baada ya mkutano

Wakati Peters akizunguka Usagara, wajumbe wa mataifa ya Ulaya, Marekani na Dola ya Uturuki walikuwa wamekaa Berlin tangu tarehe 15 Novemba 1884 kujadili biashara na ukaliaji wa Afrika. Hapakuwa na mjumbe hata mmoja kutoka katika jamii za Kiafrika zilizokuwa zikijadiliwa, na Sultani wa Zanzibar hakuwa na kiti. Azimio la mkutano huo lilitia saini ya heshima juu ya hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa ya dini na utu. Ibara ya 6 iliyataka mataifa yawalinde wenyeji, yapige vita utumwa na biashara ya watumwa, na yawalinde wamisionari wa Kikristo. Ya pili ilikuwa ya sheria. Ibara za 34 na 35 ziliweka masharti ya taifa linalokalia sehemu mpya za pwani kuyaarifu mataifa mengine na kuweka mamlaka ya kweli.

Katika mkutano huo mjumbe wa Marekani, John Kasson, alieleza kuwa sheria ya mataifa ingepaswa kutambua haki ya jamii za wenyeji kujiamulia mambo yao na ya ardhi waliyorithi, na kwamba ridhaa yao ya hiari ndiyo iwe msingi. Maneno yake yaliandikwa katika kumbukumbu, lakini hayakuingizwa katika Azimio. Mataifa yaliona kuwa swali la ridhaa ya kweli lingeharibu mikataba mingi iliyokwisha kukusanywa.

Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Siku iliyofuata, tarehe 27 Februari, Kaisari Wilhelm I alitia saini Barua ya Ulinzi iliyoziweka Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami chini ya himaya yake, na kuukabidhi utawala wake, pamoja na mamlaka ya kuhukumu, kwa chama cha Peters. Serikali ile ile iliyomwambia Peters asitarajie ulinzi ilikuwa imebadili nia, kwa sababu za siasa za ndani na za ushindani na Uingereza. Karatasi ya Msovero ilipata nguvu siku hiyo, si siku Mangungo alipoweka alama.

Pingamizi la Sultani

Barghash alipopata habari alipinga mara moja. Mwezi Aprili 1885 alimpelekea Kaisari simu ya maandishi akieleza kuwa nchi zilizotajwa zilikuwa chini yake na kwamba waliotia alama hawakuwa na mamlaka ya kuzitoa. Lilikuwa pingamizi la kisheria, lenye hoja inayoeleweka na mwanasheria yeyote wa Ulaya.

Halikujibiwa kwa hoja. Mwezi Agosti mwaka huo manowari za Ujerumani zilijipanga mbele ya mji wa Unguja, na Sultani akalazimika kukubali. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia mwambao wa upana wa maili 10 tu, na bara likagawanywa kati yao. Mkataba uliokuwa umejengwa juu ya urafiki wa milele ukathibitishwa kwa mizinga.

Injili, utumwa na bunduki

Peters alifahamu kuwa koloni linahitaji baraka za madhabahu sawa na linavyohitaji mhuri. Mwaka 1886 alikuwa miongoni mwa walioanzisha huko Berlin chama cha misioni ya Kiinjili kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka uliofuata mchungaji wake wa kwanza, Johann Jakob Greiner, alifika Dar es Salaam. Wakristo wengi wa Ujerumani hawakufurahishwa na misioni iliyozaliwa pamoja na kampuni ya ardhi. Baada ya miaka michache uongozi wake ulihamia mikononi mwa Friedrich von Bodelschwingh wa Bethel, na kazi ikachukua mwelekeo wa huduma kwa wagonjwa na elimu.

Utumwa nao ukageuzwa kuwa kibali. Biashara ya watumwa ilikuwa uovu wa kweli, na njia zilizopita Usagara ziliijua. Lakini kampuni ya Peters ilipojaribu kuushika mwambao mwaka 1888, wakazi wa pwani chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani waliinuka dhidi yake. Serikali ya Ujerumani haikuliambia Bunge kuwa inataka fedha za kuiokoa kampuni iliyoshindwa. Iliwaita wabunge kuunga mkono vita dhidi ya utumwa, wakati makanisa yakiwa yamekwisha kuamshwa na kampeni ya Kardinali Lavigerie, na mwanzoni mwa mwaka 1889 zikatolewa marki milioni 2 kwa ajili ya jeshi la Hermann von Wissmann.

Wakati huo Peters alikuwa katika safari nyingine, kupitia Mto Tana hadi Buganda, kwa kisingizio cha kumwokoa Emin Pasha. Mwaka 1890 alipata mkataba na Kabaka Mwanga. Alirudi pwani akidhani ameiongezea Ujerumani nchi nyingine, akakuta mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 umekwisha kuiachia Uingereza eneo hilo, huku Ujerumani ikipewa kisiwa cha Heligoland. Alama ya Kabaka, mtawala mwenye dola kamili na majeshi, ilitupwa kwa sababu Berlin haikuihitaji tena. Alama ya Mangungo ilishikiliwa kwa sababu Berlin iliihitaji. Katika hali zote mbili, ridhaa ya Mwafrika haikuwa na uzito wowote.

Kilimanjaro na kuanguka kwake

Serikali ya Ujerumani ilichukua rasmi utawala kutoka kwa kampuni tarehe 1 Januari 1891. Peters akapewa cheo cha Kamishna wa Dola, akawekwa Kilimanjaro. Huko alipoteza hata ile sura ya sheria aliyokuwa akiivaa. Aliendesha mapigano dhidi ya watu wa Rombo, na kati ya mwaka 1891 na 1892 aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake aliyeitwa Mabruk, na baadaye msichana aliyeitwa Jagodja, ambaye alikuwa amelazimishwa kuishi naye na akajaribu kutoroka.

Mwaka 1896 mbunge August Bebel aliyafikisha mambo hayo mbele ya Bunge la Ujerumani, na nchi nzima ikatikisika. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimkuta Peters na hatia ya kutumia vibaya madaraka, ikamfukuza kazi na kumnyima cheo na pensheni. Ilikuwa hukumu adimu katika zama hizo. Pamoja na hayo, hukumu ilimgusa mtu na kuiacha karatasi. Hakuna aliyeuliza kama mikataba iliyoletwa na mtu wa tabia hiyo ilistahili kuendelea kuwa msingi wa koloni.

Peters alihamia London. Safari hii alitafuta dhahabu kusini mwa Mto Zambezi, na akaandika kitabu kudai kuwa Ofiri, nchi ya Biblia iliyompelekea Mfalme Sulemani dhahabu, ilikuwa katika eneo hilo. Kwa fikra hiyo, majengo ya kale ya mawe ya kusini mwa Afrika yalihesabiwa kuwa kazi ya wageni kutoka mbali, si ya Waafrika. Hoja ilikuwa ile ile katika vazi jingine. Kama waliojenga walikuwa wageni wa Maandiko, basi mgeni mpya angeweza kujiona anarudi kwake.

Mwaka 1905 Kaisari Wilhelm II alimrudishia cheo chake, na mwaka 1914 akapewa pensheni. Carl Peters alifariki dunia tarehe 10 Septemba 1918 huko Woltorf, Ujerumani, ikiwa imebaki miezi miwili tu vita vikuu viishe na Ujerumani ipoteze makoloni yake yote. Mwaka 1937 utawala wa Hitler ulimsafisha rasmi. Baadaye Wajerumani wenyewe walianza kuliondoa jina lake katika mitaa yao. Huko Hannover, uwanja uliobeba jina lake ulipewa mwaka 1994 jina la Bertha von Suttner, mpigania amani.

Karatasi iliyodumu kuliko mwandishi wake

Kazi ya karatasi iliendelea bila yeye. Amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola, isipokuwa pale ambapo mtu binafsi, chifu au jamii ya wenyeji ingethibitisha haki yake. Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa mzito. Shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba, msitu wa kutundika mizinga ya nyuki, mbuga ya kuwinda na mahali pa matambiko vilionekana kuwa vitupu machoni pa ofisa aliyepita na ramani. Maelekezo ya utekelezaji yalitaka wenyeji waachiwe eneo lisilopungua mara nne ya walilolima, lakini kipimo hicho chenyewe kilitegemea kilichoonekana siku ya ukaguzi.

Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907 na kuendelea magharibi kupitia Kilosa, mabonde yenye rutuba yakawa mashamba makubwa ya walowezi, ya pamba na baadaye ya mkonge. Wenye nchi wakawa vibarua katika nchi yao. Upande wa kusini, katika uwanda wa Mkata na maeneo ya Mikumi, ardhi iliyokuwa na wawindaji, warina asali na njia za kale ilionekana katika macho ya sheria kuwa ni pori la dola. Haishangazi kwamba Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 vilipanda hadi milima ya Uvidunda.

Waingereza waliiteka Kilosa mwezi Agosti 1916. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo uliyaita makoloni yaliyonyang'anywa amana takatifu ya ustaarabu, neno lenye harufu ya kanisa, na Tanganyika ikakabidhiwa kwa Uingereza kwa msingi huo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Ilikuwa nafuu ikilinganishwa na ya awali, lakini mwenye amana alikuwa bado ni mgeni, aliyejiteua mwenyewe.

Uhuru wa mwaka 1961 ndio uliobadili swali la nani mwenye amana. Umiliki wa kudumu wa ardhi uliorithiwa kutoka kwa wakoloni ulifutwa mwaka 1963. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 chini ya Serikali ya wananchi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimeiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, zimeipa haki ya kimila hadhi sawa na hati ya kupewa, na zimezuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria za kusimamia mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake na kupitia upya masharti hasi ya mikataba. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama.

Nje ya nchi pia hoja za kale zimeanza kuachwa na waliozizaa. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikani ilitangaza rasmi kuikataa ile iitwayo nadharia ya ugunduzi, iliyohusishwa na nyaraka za karne ya 15.

Ukizilinganisha sheria za leo na karatasi ya mwaka 1884, kila sharti linajibu pengo lililokuwapo Msovero. Mkutano mkuu wa kijiji unachukua nafasi ya mtu mmoja aliyepachikwa jina la Sultani. Haki ya kimila inatambua wenye nchi ambao mkataba haukuwaona. Lugha ya sheria ni lugha ambayo mwananchi anaisoma mwenyewe, bila kumtegemea mkalimani wa upande wa pili. Masharti hayo hulinda pale yanapotumiwa. Mwanakijiji wa Kilosa au Mikumi anayehudhuria mkutano mkuu, anayesoma muhtasari kabla haujasainiwa na kuuliza eneo linaanzia wapi na kuishia wapi, anafanya lile ambalo Mangungo hakupewa nafasi ya kulifanya.